Brashi Iliyokauka na Mipaka ya Kuosha

Miongoni mwa maswali ambayo fikihi, yaani elimu ya hukumu za matendo ya Mwislamu, huyarithisha kutoka karne moja hadi nyingine, limo swali la kipi huweza kusafishika na kipi hakisafishiki kamwe, na swali hilo, ambalo vitabu hulijadili kwa mifano ya vyombo, ngozi na samli, hupata mfano mpya kila panapopigwa rangi nyumba au msikiti katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam. Kata ya Mapinga, iliyomo katika Wilaya ya Bagamoyo, mkoani Pwani, kwenye Barabara ya Bagamoyo baada ya kuipita Bunju, ni mahali pa ujenzi usiokatika, ambapo mji unazidi kusogelea mashamba na kila ukuta mpya humngoja fundi rangi. Fundi huyo akiiacha brashi bila kuiosha huikuta imekakamaa, na hapo hukabiliwa na maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa yakawa moja: je, rangi iliyogandia yaweza kutoka, na je, kitakachobaki baada ya rangi kutoka ni kitu safi? La kwanza ni swali la kemia. La pili, kwa Mwislamu wa pwani anayefuata madhehebu ya Imamu Shafii, ni swali la tahara, yaani usafi unaohitajika ili ibada isihi, na jibu lake halitegemei hata kidogo uhodari wa mwoshaji.

Inafaa kuanza na kemia, kwa sababu brashi nyingi hutupwa kwa kudhaniwa kwamba rangi zote hukauka kwa namna moja. Chokaa, iliyo kongwe kuliko rangi zote za pwani, na ambayo wajenzi wa Kaole, mji wa magofu ulio kama kilomita 5 kusini ya Bagamoyo wenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, waliipata kwa kuchoma matumbawe, hukauka kwa kunyonya hewa ya kaboni dayoksaidi na kurudia hali ya jiwe ilimotoka. Ndiyo maana siki, ambayo ni asidi, huila chokaa iliyoganda na kuiachia brashi ikiwa nzima. Rangi ya maji ya kisasa ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji, na maji yanapotoweka chembe hizo husongamana na kushikana kuwa ngozi moja, lakini kushikana huko si kwa kina sana, hivyo maji ya moto yenye sabuni hulainisha ngozi changa, na spiriti hulainisha hata iliyokomaa. Rangi ya mafuta ni habari nyingine kabisa. Hiyo haikauki kwa kupoteza kitu tu bali kwa kupata: baada ya kiyeyusho chake kuruka, mafuta yaliyomo huvuta oksijeni ya hewani na molekuli zake hufungamana huku na huku mpaka zikawa wavu mmoja, na wavu huo haurudi tena kuwa kimiminika hata ukilowekwa mwezi mzima ndani ya mafuta ya taa. Tina, yaani kimiminika kikali cha kuchanganyia rangi na kuoshea vifaa, huuvimbisha wavu huo ukaachia nywele na kubanduka vipande vipande, ila haiuyeyushi. Anayesema ameiyeyusha rangi ya mafuta iliyokauka, kwa hakika ameing'oa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuokoa. Brashi ya rangi ya mafuta iliyoanza tu kukauka huponywa kwa tina, kisha sabuni na maji, huku fundi akiikamua kuanzia shinani, karibu na pete ya bati inayoshika nywele kwenye mpini, kwa kuwa rangi inayoiua brashi ni ile iliyojificha humo, wala si ile inayoonekana nchani. Iliyokakamaa kabisa hulowekwa katika tina kwa saa nyingi, ikachanwa kwa brashi ya waya kufuata uelekeo wa nywele, ikarudishwa tena, na mara nyingi hutoka imepungua. Wako wanaotumia kostiki soda, dawa ya watengeneza sabuni, na kweli dawa hiyo huivunja rangi ya mafuta kwa kuigeuza aina ya sabuni. Tatizo ni kwamba nywele za mnyama zimeumbwa kwa protini iitwayo keratini, na magadi makali kama hayo huila keratini pamoja na rangi, hivyo mwoshaji hubaki na mpini. (Siki ya moto, inayosifiwa na kila mtu kwa kila rangi, ina nguvu ya kweli juu ya chokaa, sifa zake nyingine imezidishiwa.) Kinga ni rahisi kuliko tiba zote hizo, maana brashi ya rangi ya mafuta iliyozamishwa usiku ndani ya kopo la maji haigandi, kwa sababu maji huizuilia hewa ambayo bila yake wavu haufungamani.

Mpaka hapa hakuna jambo la dini, na mwanafikra wa Uingereza Mary Douglas, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo na mwaka 1966 akachapisha kitabu mashuhuri juu ya usafi na unajisi, angeridhika na mfano huu. Hoja yake kuu ni kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo pahali pake, na kwamba hakuna kitu kilicho kichafu kwa nafsi yake nje ya mpangilio ambao watu wameupanga. Rangi iliyokauka yathibitisha hoja hiyo vizuri mno: ikiwa ukutani ni pambo na kinga dhidi ya unyevu wa bahari, na mwenye nyumba ameilipia ili ikauke kwa uthabiti usioondoka, ikiwa ndani ya brashi, ileile, kwa uthabiti uleule, ni hasara. Kuisafisha brashi, kwa maana hiyo, ni kukihamisha kitu kikaenda kinakostahili kuwa. Lakini nadharia hiyo, ambayo huieleza rangi kwa ukamilifu, hushindwa inapoifikia brashi yenyewe, kwani katika brashi nyingi zinazouzwa duniani kuna kitu ambacho fikihi ya Kishafii hukihesabu kuwa najisi popote kilipo, kiwe mahali pake au kisiwe.

Kitu hicho ni nywele za nguruwe. Brashi za nywele halisi, hasa zile zinazotengenezwa kwa ajili ya rangi ya mafuta, kwa sehemu kubwa hutumia nywele za nguruwe kutoka China, na sababu ya kuchaguliwa kwake ni ya kifundi tu: unywele wa nguruwe ni mgumu na mnyoofu, hunyumbuka, huwa mnene shinani na mwembamba nchani, na ncha yake hujichana yenyewe kuwa nyuzi kadhaa ambazo hushika rangi nyingi na kuilaza bila michirizi. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo ilivuruga biashara ya nywele hizo, viwanda vya Marekani vilijitahidi kuiga maumbile hayo kwa nailoni, na leo brashi za nailoni na poliesta zimejaa madukani. Kuzitofautisha si kazi ngumu, kwani unywele mmoja ukichomwa kwa kiberiti, wa mnyama hutoa harufu ya nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika, na wa nailoni huyeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu. Kipimo hicho, hata hivyo, hakisemi ni mnyama gani, ila katika brashi ngumu za kupigia rangi ukuta mnyama mwingine si wa kawaida.

Aya ya 145 ya Sura al-An'am inaitaja nyama ya nguruwe kuwa uchafu, na wanazuoni wa Kishafii wakaupanua uchafu huo mpaka mwili wake wote, nywele zikiwemo. Kitabu kidogo cha Safinat al-Najat cha Salim bin Sumair wa Hadhramaut, ambacho wanafunzi wa madrasa za pwani hukisoma mapema katika safari yao ya elimu, kinaziweka najisi katika daraja tatu, na nguruwe yumo pamoja na mbwa katika ile iliyo nzito, iitwayo mughaladha, ambayo kilichoguswa nayo hutaharika kwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Idadi hiyo imetoka katika Hadithi ya chombo kilichorambwa na mbwa. Nguruwe aliingizwa kwa kiasi, yaani kwa kulipeleka jambo lisilotajwa kwenye hukumu ya lililotajwa kwa sababu ya kufanana. Kinachostahili kuangaliwa hapa ni msimamo wa Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye ndiye nguzo ya madhehebu haya. Katika Minhaj, kitabu cha hukumu kilichofupishwa, anaifuata kauli ya madhehebu kwamba nguruwe ni kama mbwa, lakini katika al-Majmuu, anapozipima dalili zenyewe, anaona yenye nguvu zaidi ni kauli kwamba kuosha mara moja bila udongo kunatosha, na anakiri kwamba haoni dalili iliyo wazi juu ya unajisi wa nguruwe akiwa hai. Mwanachuoni aliyeinukuu hukumu kwa uaminifu katika kitabu kimoja na kuichunguza kwa uhuru katika kingine hawezi kuhesabiwa kuwa amejipinga. Ameonyesha tu kwamba kuyafuata madhehebu hakumlazimishi mtu kufumba macho.

Madhehebu mengine yalikwenda njia zao, na mfano waliouzungumzia zaidi ni wa mshona viatu, ambaye zamani alitumia unywele wa nguruwe kupitishia uzi katika ngozi. Wamaliki waliziona nywele kuwa safi zikinyolewa, kwa kuwa uhai haukai ndani yake. Wahanafi waliuhesabu mwili wa nguruwe kuwa najisi wakamruhusu mshona viatu kwa dharura ya kazi yake. Kwa Imamu Ahmad bin Hanbal imesimuliwa kwamba alipendelea nyuzi za mtende zitumike badala yake, na hapo mkaazi wa Bagamoyo, anayeishi katikati ya makumbi ya nazi, ana haki ya kutabasamu.

Jambo ambalo fundi aliye hodari huweza kulikosea ni kudhani kwamba kuosha mara saba kunaihusu brashi. Kunahusu mkono wake, nguo yake, ukuta, chochote kilichogusana na nywele hizo kukiwa na majimaji, maana kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Fikihi hutenganisha kati ya kitu kilichonajisika, ambacho kilikuwa safi kikapatwa na najisi na chaweza kurudishwa kwa kuoshwa, na najisi ya dhati, yaani kitu ambacho unajisi ndio umbile lake, ambacho ukikiosha kwa bahari yote hutoka kama kilivyoingia. Brashi ya nywele za nguruwe ni ya fungu la pili. Zipo dhati chache zinazobadilika: pombe ikigeuka siki yenyewe huwa safi, na ngozi ya mzoga hutaharika kwa kudabaghiwa, ila katika hiyo ya mwisho Washafii wamemtoa mbwa na nguruwe. Isitoshe, hata mkono ulionajisika hautaharishwi kwa tina, hata kama tina imeondoa kila dalili ya rangi, kwa sababu kwa Washafii kiondoacho najisi ni maji pekee. Abu Hanifa, aliyekubali kila kimiminika safi kinachoondoa, aliihesabu siki kuwa inatosha. Fundi anayejiosha kwa mafuta ya taa kabla ya adhuhuri amekuwa nadhifu kwa macho ya watu, na bado anahitaji ndoo ya maji.

Kutokana na kanuni hizi hutokea jambo ambalo huenda likaonekana mzaha, nalo ni la kweli. Nywele zilizofunikwa pande zote na rangi iliyokauka haziguswi tena na mkono wenye majimaji. Kinachoguswa ni ngozi ya rangi, na ngozi hiyo ni kitu kilichonajisika tu kwa kuwa ilikuwa kimiminika ilipokutana na nywele. Nawawi na wengineo wamesema juu ya tofali lililofinyangwa kwa maji yenye najisi kwamba uso wake wa nje hutaharika kwa kuoshwa, na kwa kulingana na hilo brashi iliyokakamaa inaweza kuoshwa nje ikashikwa bila wasiwasi, ingawa haifai kubebwa katika swala. Mtu akiiloweka, akaichana, akaikomboa kwa ustadi wote ulioelezwa hapo juu, huwa ameifunua upya najisi iliyokuwa imezikwa. Brashi iliyoharibika kifundi ni salama zaidi kitahara kuliko iliyookolewa. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba usafi wa fundi na usafi wa faqihi, yaani mwanachuoni wa fikihi, ni vitu viwili, na kwamba yeyote anayeeleza amri za tahara kuwa ni kanuni za afya zilizovikwa joho la dini hajazisoma vizuri.

Mkristo anayefanya kazi kwenye ukuta uleule, na katika Mapinga wapo wengi, halioni tatizo hili. Injili ya Marko, katika sura ya 7, inaufundisha unajisi kuwa ni wa yale yatokayo moyoni mwa mtu, na mapadre waliojenga misheni ya Bagamoyo kuanzia mwaka 1868 hawakuwa na sababu ya kuuliza brashi imetengenezwa kwa nini. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Uislamu umeusahau moyo. Wanazuoni wake wameandika mengi juu ya maradhi ya moyo, na wameiweka tahara ya mwili kuwa mlango wa ibada, bila kudai kwamba mlango ndio nyumba.

Linabaki swali la shaka, ambalo kwa maisha ya kila siku lina uzito kuliko yote. Fundi hununua brashi dukani, maandishi ya mpini mara nyingi si ya Kiswahili, muuzaji hajui, na rangi imeshapigwa. Zainuddin wa Malabar, mwanachuoni wa karne ya 16 ambaye Fath al-Mu'in yake husomwa na wanafunzi wakubwa wa pwani, alijibu swali la namna hii kwa mifano ya zama zake: kitambaa cha joho kilichovuma kwamba hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na jibini ya Sham iliyovuma kwamba hugandishwa kwa kitu cha nguruwe. Hukumu yake ni kwamba uvumi hauondoi asili, na asili ya vitu ni usafi mpaka ijulikane kinyume chake. Kwa hiyo ukuta uliokwisha kupakwa kwa brashi isiyojulikana hauna lawama, hakuna wa kuukwangua kwa msasa, na anayewatia waumini hofu juu yake huwa ameongeza mzigo ambao vitabu havikuuweka. Hata asili ya brashi ikijulikana, ukuta si mahali pa kusujudia, na uso wake wa nje huoshwa.

Kanuni hiyo ya huruma, hata hivyo, imewekwa kwa ajili ya asiyejua, na haifai kugeuzwa kuwa biashara ya kutojua. Malaysia, ambayo kama mwambao huu hufuata madhehebu ya Shafii, ilitoa mwaka 2013 agizo la kutaka bidhaa zenye kiungo cha nguruwe au mbwa zitajwe hivyo na zitengwe dukani, na mwanzoni mwa mwaka 2017 maofisa wake walikamata brashi zaidi ya 2,000 zilizokuwa zikiuzwa bila kutajwa. Wako waliocheka. Lakini agizo lile liliuweka mzigo panapostahili: anayejua brashi imetengenezwa kwa nini ni aliyeitengeneza na aliyeiagiza, si fundi wa Mapinga wala imamu wa msikiti, na ni uonevu kumtaka asiyejua achome unywele kila asubuhi ili kugundua jambo ambalo mwingine analo kwenye hati zake.

Kuhusu brashi ambayo asili yake imeshajulikana, wengine husema kuitupa ni israfu, yaani kupoteza mali bila sababu, na aya ya 26 na ya 27 za Sura al-Israa zinaukemea ubadhirifu kwa ukali. Hoja hiyo haina nguvu. Washafii huiona najisi ya dhati kuwa haiuziki kwa sababu si mali kisheria, ila wanamtambulia aliyenayo haki ya kuishikilia, na haki hiyo anaweza kuiachia kwa mwingine. Hivyo fundi Mwislamu anaweza kumwachia brashi yake fundi mwenzake asiyefungwa na hukumu hii, ikaendelea kufanya kazi. Israfu iliyo wazi ni ile ya kila siku isiyo na utata wowote wa kifikihi, ya kuacha brashi nzuri ya nailoni ikauke kwa uvivu wa kutafuta kopo la maji, kisha kumwaga lita za tina katika ardhi ya mchanga karibu na kisima ili kuikomboa.

Kwa upande wa misikiti shauri ni jepesi kuliko mjadala. Nywele za mnyama hunyonya maji, hulegea na kupoteza unyumbufu katika rangi ya maji, kwa hiyo kwa ukuta unaopigwa rangi hiyo brashi ya nailoni ndiyo iliyo bora kifundi kabla hata faqihi hajafungua kitabu. Kamati za ujenzi, zinapoandika orodha ya saruji, puti na makopo ya rangi, ziandike pia brashi za nailoni kwa jina lake, na waagizaji wa vifaa vya ujenzi waandike kwa Kiswahili, juu ya mpini, brashi imetengenezwa kwa nywele za nini.